Malkia wa Kona Aliyekaa Chini

Mwaka 1989, Waafrika wawili walishinda mbio kubwa katika ardhi ya Marekani ndani ya wiki chache. Mwezi wa Novemba, Mtanzania Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Huyo tunamjua. Mwezi mmoja kabla yake, huko Kona katika kisiwa cha Hawaii, mwanamke aliyezaliwa mjini Harare alishinda shindano la Ironman kwa saa 9 na sekunde 56. Huyo hatumjui. Nimewauliza marafiki zangu wapenda riadha, wale wanaokumbuka jinsi Filbert Bayi alivyotoka mbele kule Christchurch mwaka 1974 kana kwamba yalikuwa ya jana, na hakuna aliyewahi kulisikia jina la Paula Newby-Fraser.

Na si bingwa wa kubahatisha. Ameshinda Kona mara 8. Hakuna mwingine, mwanamume kwa mwanamke, aliyefika hapo. Dave Scott na Mark Allen, wanaume wanaosifiwa kuliko wote katika mchezo huo, waliishia 6 kila mmoja.

Kwa msomaji ambaye triathloni ni neno geni: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, bila kupumzika katikati. Ironman ndiyo ndefu na ndiyo yenye jina. Kilomita 3.8 baharini, 180 juu ya baiskeli, halafu marathoni kamili, kilomita 42 na ushee. Ilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu kama ubishi wa watu wa mazoezi: nani ana nguvu zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Walianza watu 15, wakamaliza 12, wote wanaume. Mwaka uliofuata alijitokeza mwanamke mmoja, Lyn Lemaire, akamaliza wa 5 kwa jumla. Mwaka 1981 mashindano yakahamia Kona, ambako barabara inakatiza katikati ya mawe meusi ya volkano, jua linapiga kutoka juu na joto linarudi kutoka chini, na upepo wa pembeni unaweza kumyumbisha mtu na baiskeli yake.

Kilichoifanya Ironman ijulikane duniani, hata hivyo, ni mtu aliyeshindwa. Februari 1982, Julie Moss, mwanafunzi wa chuo, alikuwa anaongoza wanawake zikiwa zimebaki hatua chache. Miguu ikamkatalia. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita, akashinda kwa sekunde 29, na Moss akamaliza akitambaa kwa mikono na magoti mbele ya kamera za televisheni ya ABC. Marekani nzima ikaangalia. Tangu siku hiyo mchezo huu ukawa na picha yake ya kujitangazia: mateso. Bingwa akawa ni yule anayekubali kuvunjika hadharani. Mimi picha ile sijawahi kuipenda. Naielewa, lakini siipendi, na sehemu ya sababu ni huyu Newby-Fraser.

Alizaliwa Juni 1962, mji ukiitwa Salisbury na nchi ikiwa chini ya walowezi, akakulia Durban, Afrika Kusini. Utotoni alicheza baleti na kuogelea, akaogelea kwa kiwango cha juu mpaka akachoka nako akiwa bado binti mdogo, akaacha. Baiskeli alinunua akiwa na miaka 22. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa 1985, akaingia triathloni yake ya kwanza na kuwashinda wanawake wote. Miezi haikupita mingi akashinda Ironman ya Afrika Kusini, na zawadi ilikuwa tiketi ya Hawaii. Kule akawa wa tatu. Mtu ambaye mwaka mmoja nyuma hakuwa hata na baiskeli!

Taji lake la kwanza, 1986, halikuja kwa shangwe. Aliyekata utepe alikuwa Patricia Puntous wa Kanada, ila waamuzi wakamwondoa kwa kujibanza nyuma ya baiskeli za wenzake ili kukwepa upepo, jambo lililokatazwa. Ushindi ukampata Newby-Fraser baadaye, kwa uamuzi wa meza. Huo ndio mwaka fedha za zawadi zilipoingia Ironman kwa mara ya kwanza. Kazi yake na uhai wa mchezo huu kama ajira vilianza pamoja, na naona hilo linaeleza mengi kuhusu jinsi alivyouchukulia.

Sasa tuje kwenye kwa nini hatumjui. Jibu la haraka ni kwamba triathloni ni mchezo wa wenye nacho. Baiskeli moja ya mashindano inaweza kununua ng'ombe kadhaa, na bwawa la kuogelea huku kwetu bado ni la hoteli. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Gofu pia ni ya wenye nacho, na majina yake tunayajua.

Jibu lingine ni historia, nayo inatugusa moja kwa moja. Mwaka 1976 Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza na Makaburu, haikufukuzwa. Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, alibaki nyumbani, na dhahabu akaichukua John Walker wa New Zealand. Tuliilipia ile misimamo kwa miguu ya watu wetu. Miaka ya themanini mwanamichezo aliyetoka Afrika Kusini akijitambulisha hivyo alikuta milango mingi imefungwa. Newby-Fraser alikuwa na mlango wa pili: mahali alipozaliwa. Katika orodha za matokeo za miaka ile, mbele ya jina lake pameandikwa Zimbabwe.

Mpinzani wake mkubwa, kama vile historia ilitaka kutuchekesha, alikuwa Erin Baker wa New Zealand. Baker ni mtu wa kumpigia saluti. Mwaka 1981, timu ya raga ya Afrika Kusini ilipozuru nchi yake, aliingia kwenye maandamano ya kupinga ubaguzi, akakamatwa na kutiwa hatiani, na hatia hiyo ikamnyima viza ya Marekani kwa miaka kadhaa. Alipoweza kufika Kona, 1987, alishinda hapo hapo. Alishinda tena 1990, Newby-Fraser akiwa wa pili. Kwa hiyo kwenye barabara moja ya Hawaii kulikuwa na mzungu wa New Zealand aliyelipia msimamo dhidi ya Makaburu, na mzungu aliyelelewa Durban akikimbia kama Mzimbabwe. Ukiniuliza ningemshangilia nani mwaka 1987, sina haja ya kufikiri.

Lakini sikubali kwamba habari iishie hapo. Hakuichagua Salisbury, wala si yeye aliyewapeleka wazazi Durban. Alihamia California kufuata kazi, na baadaye akawa raia wa Marekani. Alikwenda ilipo riziki, kama mabaharia wetu na kama wakimbiaji wetu waliohamia Ghuba na kubadili hadi majina. Hao nao tunawasema, ndiyo, ila hatuwafuti. Basi tumtazame kazini.

Mwaka 1988 alimaliza Kona kwa saa 9, dakika 1 na sekunde 1. Akawa wa 11 kwa jumla, wanaume wakiwemo. Mshindi wa wanaume, Scott Molina, alikuwa mbele yake kwa nusu saa tu. Mwaka 1989 akaikosa saa 9 kamili kwa sekunde 56. Mwaka 1992 akaivunja: saa 8, dakika 55 na sekunde 28, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 9 kwenye njia ile. Rekodi hiyo ilikaa miaka 17, mpaka Mwingereza Chrissie Wellington alipoipunguza kwa sekunde 86. Kule Roth, Ujerumani, mwaka 1994 akatumia saa 8, dakika 50 na sekunde 53, nayo ikadumu miaka 14. Ushindi wake mwingine nauruka. Ni mwingi mno.

Ninachotaka kukizungumza ni Oktoba 1995, mwaka ambao alishindwa. Alikuwa na mataji 7 na ilikuwa iwe mara yake ya mwisho Kona, ya kuaga. Aliposhuka kwenye baiskeli alikuwa mbele ya Karen Smyers, Mmarekani, kwa zaidi ya dakika 10. Smyers akaanza kumla kidogo kidogo. Newby-Fraser akafanya jambo ambalo mtu mwenye uzoefu kama wake angemgombeza mwanafunzi akilifanya: akaanza kupita vituo vya maji na chakula bila kuchukua kitu, ili asipoteze sekunde. Sukari inayohifadhiwa mwilini haitoshi saa 9 za kazi kama ile. Ni lazima uile na kuinywa njiani, la sivyo misuli inagoma, na ubongo nao, ambao unategemea sukari hiyo hiyo, unaanza kuyumba. Joto na upungufu wa maji vinamalizia.

Smyers alimpita ikiwa imebaki chini ya kilomita moja. Mita chache mbele Newby-Fraser akapepesuka, akafika ukingo wa barabara, akakaa chini. Video ipo, nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Kelele za watu zinatoka kila upande wakimhimiza ainuke, maana mstari wa mwisho uko pale tu, na kila aliyekuwepo alikuwa na Julie Moss kichwani. Hakutambaa. Alivua viatu, akavua soksi. Akalala chali juu ya lami. Wa pili akapita, wa tatu akapita. Baada ya dakika 20 hivi, akiwa amekunywa na kumwagiwa maji, alisimama, akatembea pekupeku mpaka mwisho. Wa nne.

Watu wengi huisimulia siku ile kama anguko. Mimi naona pale chini alirudi kuwa yule aliyekuwa siku zote. Kosa lilikuwa lile la vituo vya maji, alipoacha hesabu akashikwa na tamaa ya kuaga vizuri. Akishakaa, ameacha kuidanganya miili miwili, wa kwake na wa Smyers. Mwaka ule ule kilikuwa kimetoka kitabu chake cha kuwafundisha wanawake mazoezi. Naamini wapo waliomcheka. Lakini umbali uliobaki ulikuwa mita chache kiasi kwamba hata kutambaa kungemfikisha, na kama angetambaa angepata nafasi ya pili na picha ya kuuza maisha yake yote. Picha ile hakuitaka.

Na hakuaga tena. Oktoba 1996, akiwa na miaka 34, alirudi Kona. Mbele yake alitangulia Natascha Badmann wa Uswisi, ambaye wakati huo wengi hawakumjua na ambaye baadaye angeshinda pale mara 6. Newby-Fraser akamfuata taratibu, akampita kwenye marathoni, akamaliza kwa saa 9, dakika 6 na sekunde 49. Smyers alikuwa wa tatu. Aliendelea kushinda Ironman za nchi mbalimbali hadi 2002, ila Kona hakushinda tena.