Luku Ndiyo Iliyong'oa Globu

Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, Wajerumani walipofunga mitambo kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao wenyewe. Uswahilini waliendelea na koroboi. Hata baada ya Uhuru, globu sebuleni ilikuwa alama ya mwenye nacho.

Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, na nilipoanza kazi globu ya waya ndiyo iliyotawala: wati 60 chumbani, wati 100 barazani. Ilikuwa bei rahisi, lakini karibu umeme wote iliokula iliutoa kama joto. Ukitaka kuichomoa kwenye holda ikiwa imetoka kuwaka, sharti uishike kwa kitambaa. Wafugaji waliijua siri hiyo. Waliining'iniza juu ya vifaranga wasife kwa baridi.

Tuliivumilia kwa sababu bili ilikuja mwishoni mwa mwezi, na hakuna aliyeweza kusema taa imekula kiasi gani na pasi kiasi gani. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ilipoingia miaka ya 1990, mama mwenye nyumba akaanza kuona uniti zikishuka mbele ya macho yake. Hapo ndipo nilipoanza kuulizwa, "Fundi, kipi kinachokula umeme humu ndani?"

Niliwapigia hesabu. Globu tano za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 45. Taa tano za LED za wati 9 zinatoa mwanga uleule kwa uniti zisizofika 7.

Kabla ya LED tulipitia enajiseva, zile za mrija uliojikunja. Ukame wa mwaka 2006 ulipokausha bwawa la Mtera na mgawo wa umeme ukatubana, kila wati ilikuwa na thamani. Enajiseva zilipunguza matumizi sana, ila zilichelewa kushika mwanga na ndani zina zebaki: ikivunjika, fungua madirisha, wala usizoe vipande kwa mkono.

LED nyeupe iliwezekana baada ya Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura kupata njia ya kutengeneza LED ya mwanga wa buluu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Miaka yote hiyo niliyopanda ngazi kwenye nyumba za watu, sikuona mahubiri ya kubana umeme yakimbadilisha mtu. Mita ndiyo iliyombadilisha. Basi nawe ukienda dukani usitazame wati peke yake: soma lumeni, yaani kipimo cha mwanga, kwenye boksi, kwani zipatazo 800 zinatosha pale ilipokuwa globu ya wati 60. Mwambie muuzaji aijaribu taa mbele yako, na usilipe kabla hajakuandikia dhamana.