Saruji na Chokaa: Matengenezo ya Nyua, Baraza na Sakafu za Nje Unguja

Kila unapokaribia msimu wa masika, wamiliki wengi wa nyumba na maduka katika kisiwa cha Unguja huanza kutengeneza nyua, baraza, njia za miguu na mitaro iliyo pembezoni mwa majengo yao. Kazi hiyo huonekana ndogo, na mara nyingi hukabidhiwa fundi bila ya kuulizwa lolote zaidi ya bei. Hata hivyo, zege linalomwagwa nje ya nyumba ndilo linaloamua maji ya mvua yaelekee wapi, na kwa nyumba za Mji Mkongwe huamua pia iwapo ukuta utabaki mkavu au utaharibika kuanzia chini.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, huku dari na sakafu za ghorofani zikibebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene, kwa kawaida zaidi ya nusu mita, na hufyonza unyevu kutoka ardhini na hewani. Lipu ya chokaa huuruhusu unyevu huo kutoka taratibu kwa njia ya mvuke. Ukuta wa aina hiyo haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Ulikusudiwa kulowa na kukauka.

Saruji hubadilisha mwenendo huo. Uwanja au kichochoro kinapowekwa zege hadi kugusa ukuta, unyevu ulio chini ya zege hukosa pa kutokea na hupanda ndani ya ukuta. Iwapo ukuta nao umepigwa lipu ya saruji, unyevu hupanda juu zaidi, ukibeba chumvi. Chumvi hiyo hukauka nyuma ya lipu, huvimba na kuibandua vipande vipande, na chokaa iliyoshika mawe hugeuka unga. Unyevu ukifika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, mbao huoza mahali ambapo jicho halioni. Mwenye nyumba huona lipu imeanguka, huita fundi, na fundi huongeza saruji. Ndivyo tatizo linavyokua mwaka hadi mwaka hali kila aliyehusika akiamini kuwa anaimarisha jengo.

Athari za majengo haya kuchakaa si za kihistoria tu. Tarehe 25 Disemba, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililoko Forodhani, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea na watu wawili walipoteza maisha. Si sahihi kuhusisha kila ufa wa Mji Mkongwe na tukio hilo, lakini familia nyingi huishi na kufanya biashara ndani ya majengo ya umri unaokaribia huo.

Kwa nyumba za mawe, njia inayofaa ni kuacha mkanda wa ardhi usiozibwa kati ya zege na ukuta, upana wa sentimita 30 hivi, uliojazwa kokoto, na kuuelekeza mteremko wa uwanja mbali na nyumba. Mahali panapopita watu wengi, vitofali vya saruji vilivyopangwa juu ya mchanga ni bora kuliko zege la kumwaga, kwa kuwa maji na mvuke hupita kwenye viungo vyake, na vinaweza kung'olewa na kurejeshwa mabomba yanapotengenezwa. Baraza za mbele ya nyumba, ambazo tangu zamani zimewapa wapita njia pa kukaa na pa kukanyaga mvua inapojaza vichochoro, zimeshikana na ukuta na hivyo zinastahili chokaa, si saruji. Chokaa inayotokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu izimwe kwa maji na kuachwa wiki kadhaa kabla ya kutumika, kisha ichanganywe sehemu moja kwa tatu za mchanga. Ni kazi ya polepole, na hapo ndipo wengi huishia kununua mfuko wa saruji.

Nje ya Mji Mkongwe, ambako nyumba nyingi ni za matofali ya saruji, zege halina ubaya huo. Tatizo la huko ni ubora wa kazi. Mchanganyiko unaokubalika kwa uwanja wa nyumba ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, zikipimwa kwa ndoo na si kwa kukadiria. Eneo la mita za mraba 10 lenye unene wa sentimita 10 huhitaji mita moja ya ujazo ya zege, yaani takriban mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Mafundi hupenda kuongeza ili zege litandazike kwa urahisi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vinyweleo na uso unaopukutika vumbi.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita hutosha kuondoa maji. Viungo vikatwe kila baada ya mita 3 hivi, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Baada ya kuganda lifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiliwa kwa siku 7. Gari lisipite juu yake mapema, kwani nguvu kamili huhesabiwa baada ya siku 28.

Mchanga wa pwani usitumike. Chumvi yake hutia kutu nondo, na kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Aidha, kuuchota huharibu fukwe. Mchanga ununuliwe kutoka maeneo yaliyoruhusiwa na Serikali.

Uwanja mzima usizibwe pasipo haja. Unguja hutegemea kwa kiasi kikubwa maji yaliyo chini ya ardhi, yanayotokana na mvua inayopenya udongoni. Zege linapoenea kutoka ua hadi ua, mvua hiyo hukimbilia mabondeni, na wakaazi wa Mwanakwerekwe wanaifahamu adha yake.

Kwa ukarabati, kipande kinachotoa mlio wa uwazi kinapogongwa kiondolewe chote hadi kwenye zege gumu, kingo zikatwe wima, pasafishwe na kuloweshwa, kisha papakwe uji wa saruji kabla ya kujazwa. Kupaka saruji nyepesi juu ya ufa hakudumu hata msimu mmoja. Ufa unaorudi mahali pale pale huashiria mzizi wa mti, bomba linalovuja au udongo unaodidimia, na hicho ndicho cha kushughulikiwa kwanza.

Ndani ya Mji Mkongwe, matengenezo, yakiwemo ya baraza na lipu ya nje, huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kwingineko mwananchi anashauriwa kuonana na Manispaa au Halmashauri yake kabla ya kujenga ukuta au uwanja unaobadilisha njia ya maji kuelekea kwa jirani.