Mtambo wa muziki nyumbani: Tangulia na sindano

Mpenzi wa benga wa Kitui au Makueni aliyehifadhi santuri za Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, na kundi lake la Kilimambogo Brothers, hushawishika kuanza na spika kubwa. Ndizo wageni huona. Lakini sindano iliyochakaa hukwaruza mifereji ya santuri, na sauti iliyopotea humo hairejeshwi na amplifaya ya bei yoyote. Badilisha sindano kwanza, uhakikishe gramafoni inazunguka mara 45 kwa dakika. Kisha nunua kidhibiti cha umeme, kwani volti 240 za gridi hupanda na kushuka. Amplifaya kuukuu iliyo nzima yaweza kusubiri miaka kadhaa. Vumbi la Ukambani halisubiri: funika gramafoni kila jioni.