Sahani ikivunjika, nani hulipa? Haki za wahudumu wa mikahawa Migori na Homa Bay

Barabara kuu itokayo Kisii kwenda mpakani Isebania hupitia Rongo, Awendo na Migori, na wasafiri wa kuelekea Tanzania huifanya mikahawa iliyo kando yake ipike hadi usiku. Homa Bay nako, samaki wa Ziwa Victoria na wageni waletwao na shughuli za kaunti tangu ugatuzi wa 2013 wameikuza biashara ya chakula. Mwenye mkahawa mmoja akifanikiwa hufungua wa pili katika mji jirani, kisha wa tatu, na kila tawi hukabidhiwa meneja anayepimwa kwa mauzo ya siku. Hasara ikitokea, meneja hutafuta wa kuibeba. Aliye karibu ni mhudumu.

Ndiyo sababu mwisho wa mwezi huwa wakati wa mizozo: sahani iliyovunjika, soda zilizopungua kwenye friji, mteja aliyeondoka bila kulipa, vyote hukatwa kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, haimpi mwajiri uhuru huo. Kifungu cha 19 humruhusu kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika au kupotea iwapo tu mfanyakazi alikiuka wajibu wake kwa kusudi. Upungufu wa fedha nao hukatwa kwa yule ambaye mkataba wake umemkabidhi waziwazi jukumu la kupokea na kutunza fedha, na ni lazima upungufu huo uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Keshia anaweza kuingia humo. Mhudumu wa kubeba sinia, ambaye mteja wake ametoroka katika msongamano wa saa saba mchana, ni vigumu kumwingiza. Hata makato halali, yakijumlishwa, hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Ugumu ni kwamba wengi hawana mkataba wa kuonyesha. Huitwa vibarua na kulipwa kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Wapo vibarua wa kweli. Sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa kitaifa Homa Bay mnamo Juni 1, 2025, kumwajiri mtu wa kuosha vyombo kwa siku tatu lilikuwa jambo la kawaida. Lakini aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hubadilika, kwa mujibu wa kifungu cha 37, kuwa mwajiriwa wa mwezi anayestahili notisi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi hudai mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asipoweza kuutoa mbele ya mahakama, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Wenye mikahawa wanaokwepa karatasi wakidhani inawafunga wangefaa kukisoma upya kifungu cha 10.

Karatasi hiyo hutaja pia mahali pa kazi, jambo zito panapokuwa na matawi mengi. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea mfagiaji kima cha chini cha takriban Sh14,025 kwa mwezi katika miji iliyokuwa manispaa, kama Migori na Homa Bay, lakini Sh8,109 katika maeneo mengine, Mbita ikiwemo. Viwango vyote viliongezwa kwa asilimia 6 mwaka wa 2024, na pengo likabaki. Kumhamisha mtu kutoka tawi moja hadi jingine kwa simu ya jioni si suala la nauli pekee, na sheria humtaka mwajiri ashauriane naye kwanza.

Mapumziko ya siku moja katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka hayategemei hisani ya meneja. Anayeungua jikoni analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, inayomlazimu mwajiri kuwa na bima.

Chama cha KUDHEIHA ndicho hutetea wafanyakazi wa hoteli, ila mwajiri hulazimika kukitambua pale tu wengi wa wafanyakazi wanaostahili kujiunga wanapokuwa wanachama. Katika tawi lenye watu wanane, wote wakihofia kutoitwa kesho, idadi hiyo haipatikani kwa urahisi. Aliyefutwa bila kusikizwa anaweza kulalamika kwa afisa wa leba katika kipindi cha miezi mitatu, au kwenda mahakamani, ambako fidia yaweza kufikia mshahara wa miezi 12.