Mvumi (mandhari ya Jungle Doctor)

Mvumi ni eneo la Ugogoni, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, lililozaa hadithi za watoto za Jungle Doctor. Mwandishi wa hadithi hizo, Paul White, daktari mmisionari wa Kianglikana kutoka Australia, alifika Tanganyika mwaka 1938 akaondoka 1941. Kitabu cha kwanza chenye jina la Jungle Doctor kilitoka 1942. Msomaji atokaye Nambis, Mbulu, hupitia Babati na Kondoa hadi Dodoma mjini, kisha hushika njia ya kusini-mashariki kwenda Mvumi. Asitarajie makumbusho: hospitali ya misheni alikofanya kazi White ingali inatibu, na foleni ya pale ni ya wagonjwa. Mibuyu ipo, vumbi la kiangazi lipo. Tumbili wa visa vya White, vyenye ladha ya ngano za Wagogo, atawakuta zaidi vitabuni.