Wigo wa Mjongeo wa Mgongo

Ihumwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, migongo ina kazi nyingi. Kuna bandari kavu, kuna reli, na jirani pale Mtumba unajengwa Mji wa Serikali, ambako mafundi na vibarua huinama kutwa juu ya zege na nondo. Kibarua akienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kulalamikia kiuno, mtaalamu hutaka kujua kinakunjika kiasi gani. Kiasi hicho nakiita wigo wa mjongeo.

Wapo wanaoandika "upeo wa mwendo", nami siafiki. Upeo ni mwisho wa upande mmoja tu, hali kinachopimwa ni nafasi yote iliyo kati ya kikomo na kikomo. Wigo kwa asili ni ua: una ndani, una mipaka. Tena ukimtajia mgonjwa mwendo, atadhani unauliza anavyotembea. Na kwenye kadi yake andika mgongo au kiuno, kwa sababu ukimwambia anapimwa uti wa mgongo, wa nyumbani watadhani ana homa ile ya kutisha.

Kipimo kilichozoeleka ni cha Schober, Mjerumani aliyekieleza mwaka 1937. Macrae na Wright walikiboresha mwaka 1969. Unatafuta vishimo viwili vya chini ya kiuno, unatia alama sentimeta 10 juu yake na nyingine sentimeta 5 chini. Mgonjwa akiinama, zile 15 hutarajiwa kufika 20 au zaidi. Futikamba inatosha, ila jibu huja kwa sentimeta, si kwa nyuzi za pembe.

Simu janja, ikitumiwa badala ya futikamba, hutoa nyuzi. Kihisi chake cha mchapuko hutambua dunia inavuta kuelekea wapi, hivyo hujua simu imelala kiasi gani, sawa na pimamaji ya mwashi. Mgonjwa akiwa wima, simu huwekwa kwenye pingili ya mwisho ya kifua na kuanzishwa sifuri, kisha anainama na namba inasomwa. Hatua hizo hurudiwa kwenye mfupa ulio chini ya kiuno, kati ya nyonga. Tuseme juu umepata nyuzi 80 na chini 30: kiuno chenyewe kimekunjika nyuzi 50, kwa maana zile 30 ni za nyonga. Hapa ndipo wengi hupotoka. Mtu mwenye kiuno kikavu kabisa aweza kugusa vidole vya miguu kwa nyonga zake tu, na anayesoma namba moja ataandika kwamba ni mzima.

Kupima mgeuko wa shingo kuna taabu yake. Mtu akiwa ameketi, mvuto wa dunia haubadiliki anapogeuka, kwa hiyo simu hutegemea dira, na dira huyumbishwa na chuma, kikiwemo cha kitanda cha zahanati. Mlaze chali, simu iwe kwenye paji la uso, na kihisi cha mchapuko kitafanya kazi bila dira.