Gitaa Lenye Tumbo Tupu

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mombasa kwenda Nairobi, utapita Sultan Hamud, na baada ya mwendo si mrefu utafika Salama, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni. Nyuma yako umeacha hewa ya pwani iliyojaa unyevu. Mbele yako ni nchi kavu ya Ukambani, ambako miezi hupita mbingu zikiwa zimefumba macho. Kwa abiria tofauti hiyo ni ya jasho na vumbi tu. Kwa chombo cha mti kilichoungwa kwa gundi, ni tofauti ya uzima na kifo. Liweke neno hili akilini, maana tutalihitaji.

Wanafunzi wa chuo cha ualimu nifundishako huniuliza mara kwa mara ni gitaa gani limfaalo kijana anayependa bluzi, yaani zile nyimbo za majonzi na ustahimilivu za Wamarekani weusi, au rokabili, muziki wa kasi uliozaliwa Memphis katikati ya miaka ya 1950 kwa kuoana kwa bluzi na nyimbo za Wazungu wa mashambani. Karibu wote wamekwisha kuvutwa na namna moja ya gitaa: lile kubwa, tupu ndani, lenye uso uliobinuka kama mgongo wa kobe na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Swali lao ni la fedha, na fedha ya mwanafunzi hutoka katika zizi la baba au shamba la mama. Kwa hiyo halifai kujibiwa kwa mzaha. Lakini huwezi kulijibu vema mpaka ujue gitaa hilo lilipataje umbo lake.

Mwasisi wake ni Orville Gibson, fundi wa mji wa Kalamazoo huko Marekani. Magitaa ya zamani yalikuwa na uso bapa, wa ubao mwembamba. Gibson aliitazama fidla, akaona kwamba uso wake umechongwa ukabinuka, naye akaanza kuchonga magitaa na mandolini kwa namna hiyo. Mwaka 1898 alipewa hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake, na mwaka 1902 ikaundwa kampuni iliyochukua jina lake. Watu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sana juu ya kazi hiyo. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu arudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wakamba wamejua kwamba mchongaji hana njia ya kurudi nyuma: akiisha kuondoa mti, hawezi kuurudisha. Uso wa gitaa la Gibson huachwa mnene katikati na kupunguzwa kuelekea ukingoni, kadiri ya milimita chache, na mkono ukiteleza mara moja kazi yote imeharibika. Ndiyo sababu gitaa lililochongwa limekuwa ghali siku zote.

Mwaka 1922 kampuni hiyo ilitoa gitaa la L-5, chini ya uangalizi wa Lloyd Loar, nalo ndilo lililopewa yale matundu ya herufi f. Nyuzi zake hazifungwi juu ya uso. Hupita juu ya kijiti kilichosimamishwa katikati ya uso, kisha hushikwa na chuma kilichofungwa mkiani. Nguvu ya nyuzi hukikandamiza kijiti hicho, uso ukasukumwa chini badala ya kuvutwa. Sauti inayotoka ni kavu na fupi, yenye kukata kama panga, na katika bendi ya dansi iliyojaa tarumbeta ilisikika pale ambapo gitaa la uso bapa lilikuwa likimezwa.

Ilisikika, lakini haikutosha. Mwaka 1936 Gibson walitoa ES-150, gitaa lenye sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, ambayo hugeuza mtikisiko wa chuma kuwa umeme na kuupeleka katika kipaza sauti. Kijana Charlie Christian alipoingia katika bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, alilitumia kupiga gitaa mbele ya bendi kama vile saksofoni. Alifariki mwaka 1942, hajatimiza miaka ishirini na sita. Upande wa bluzi, T-Bone Walker alishika njia iyo hiyo.

Hapo pakatokea tatizo ambalo kila mpigaji wa leo bado analo. Tumbo tupu ni kama ngoma. Kipaza sauti kikilia kwa nguvu, sauti hurudi ikaligonga tumbo la gitaa, tumbo likatikisika, nyuzi zikatikisika tena, na sauti ikajizidisha hata ikawa ukelele unaoumiza masikio. Uso uliochongwa vizuri, kwa kuwa ni mwepesi wa kutikisika, ndio unaopiga ukelele kwa haraka zaidi. Ajabu iliyoje! Sifa iliyolifanya gitaa kuwa bora bila umeme ikawa aibu yake penye umeme. Mafundi wakajibu kwa kutumia plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka na kubinuliwa kwa kinu badala ya patasi. ES-175 ya mwaka 1949 ilitengenezwa hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko L-5, ngumu zaidi kutikisika, na kwa kazi ya umeme wapigaji wengi waliipenda. Mwezi wa Julai 1954 Scotty Moore alipompigia Elvis Presley katika chumba cha kurekodia cha Sun huko Memphis, gitaa lake lilikuwa ES-295, lililopakwa rangi ya dhahabu. Chini ya dhahabu hiyo mlikuwa na plaiwudi. Usisahau jambo hili utakapoingia dukani.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa Afrika ya Mashariki? Yatuhusu zaidi ya udhaniavyo. Sahani za santuri za Jimmie Rodgers, babu wa rokabili aliyekufa mwaka 1933, zilifika Kenya mapema. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipokuwa akirekodi nyimbo huko Kapkatet, wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha, na jina hilo ni la Jimmie Rodgers mwenyewe, limekaa vizuri katika ulimi wa Kikipsigis. Wakati huo askari waliotoka katika Vita Kuu ya Pili walikuwa wamekwisha kurudi. Miongoni mwao alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, aliyekuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa King's African Rifles, naye huhesabiwa kati ya Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Wazee wengi wa siku zile walimhesabu mpiga gitaa yeyote kuwa mhuni; nadhani waliona chupa za pombe zilizokuwa karibu naye, wasione kazi ya vidole vyake.

Kongo nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1952 Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akipiga gitaa lisilo na umeme kwa vidole viwili kana kwamba ni watu wawili. Baadaye Mwenda alikuja Nairobi, na vijana wakamfuata kwa macho na masikio. Leopoldville, Mbelgiji Bill Alexandre aliwaonyesha wapigaji umeme mnamo mwaka 1953, na katika muda wa miaka michache gitaa la Kikongo likabadilika kabisa. Huku kwetu, baada ya uhuru, miji ikakua, benga ikaenea, na katika miaka ya 1970 Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaipeleka sauti ya Ukambani nchini kote kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kwa kazi hiyo ya usiku kucha, tena penye kelele, gitaa la ubao mzima, lisilo na tumbo kabisa, liliwafaa wapigaji wengi duniani.

Kati ya tumbo tupu na ubao mzima kuna njia ya tatu, iliyopatikana mwaka 1958 kwa ES-335: tumbo jembamba lenye gogo limepitishwa katikati. B. B. King aliitumia jamii hiyo. Gitaa lake la awali lilikuwa la tumbo tupu, na mwaka 1949, katika kijiji cha Twist huko Arkansas, watu wawili waliopigania mwanamke waliangusha pipa la mafuta ya taa lililokuwa likipasha ukumbi moto. King alitoka nje, akakumbuka gitaa, akarudi ndani ya moto kulichukua. Kesho yake alisikia kwamba mwanamke huyo aliitwa Lucille, akalipa gitaa jina hilo ili lisimwache asahau upumbavu wake. Mwaka 1974 Lucille wa siku hizo alilia Kinshasa, katika tamasha lile lile walilopiga Franco na O.K. Jazz. Na Lucille aliyetengenezwa na Gibson kuanzia mwaka 1980 hakuwa na matundu ya f hata moja, kusudi asipige ukelele.

Sasa turudi Salama. Ubao mmoja uliochongwa, ukiletwa katika ukavu huu kutoka nchi ya unyevu, hunywea na kupasuka; plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishana, hustahimili zaidi. Kwa hiyo muuzaji akikudharau kwa kuchagua plaiwudi, mwache adharau. Kama utapiga peke yako, sebuleni, bila umeme, na una fedha ya kutosha na kasha zuri la kulifungia, hapo ndipo chombo kilichochongwa kinapostahili bei yake. Ukiwa na bendi na ngoma nyuma yako, chukua plaiwudi au lile lenye gogo katikati.

Gitaa likiwa limekwisha kutumika, lishike mwangani na uchungulie kutoka kichwani kuelekea mkiani: shingo iwe karibu kunyooka. Kagua ncha za matundu ya f, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Gonga uso kwa kidole polepole, ukisikiliza mahali panapotoa mtetemo wa kitu kilicholegea, dalili ya kwamba nguzo za ndani zimeachia gundi. Kisha mwombe muuzaji aliunge na kipaza sauti, ukiongeze kidogo kidogo, na usimame karibu nacho.